Akili Mnemba na Matawi Yake

Akili mnemba ni taaluma ya kuunda mashine zinazofanya kazi ambazo kwa kawaida huhitaji akili ya binadamu, kama vile kutambua sura, kuelewa maneno na kuamua. Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing aliuliza kama mashine inaweza kufikiri. Mwaka 1956 mwanasayansi wa kompyuta John McCarthy na wenzake wakakutana katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, na hapo taaluma ikazinduliwa rasmi.

Tawi lililotamba mwanzoni ni la mifumo ya kitaalamu, ambamo ujuzi wa bingwa huandikwa kama kanuni. Katika miaka ya 1970, mfumo wa MYCIN wa Chuo Kikuu cha Stanford ulitumia mamia ya kanuni kubaini bakteria waliosababisha maambukizi makali na kupendekeza dawa. Udhaifu wake ni kwamba lisiloandikwa halijulikani, na katika maisha mambo yasiyoandikwa hayaishi.

Ndiyo maana leo tawi kuu ni ujifunzaji wa mashine. Hapa kompyuta haipewi kanuni, hupewa mifano. Programu ya Nuru, inayotumiwa na wakulima wa muhogo Tanzania na Kenya, ilifunzwa kwa maelfu ya picha za majani. Kila ilipokosea, hesabu zake za ndani zilirekebishwa kidogo, hadi ikaweza kutofautisha magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia. Mkulima huielekeza simu kwenye jani na kupata jibu hata pasipo intaneti, na huo ni msaada wa kweli mahali ambapo bwana shamba hafiki kwa urahisi.

Nuru ni mfano pia wa tawi la uoni wa kompyuta, yaani kutambua vitu katika picha. Uchakataji wa lugha hushughulikia tafsiri, sauti na mazungumzo; programu ya mazungumzo ya ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, ni zao lake. Robotiki huunganisha akili hiyo na viungo vinavyotembea na kushika.

Mashine inayojifunza hurithi kasoro za mifano yake. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba programu za kutambua jinsia kwa sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, lakini chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe. Lugha nayo ni hivyo hivyo: maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache mno kuliko ya Kiingereza, na mashine hukosea zaidi katika Kiswahili.