Homa Ndogo Isidharauliwe

Mtu aliyepandikizwa figo anaporejea kwake Tengeru, Ngaramtoni au Usa River, majirani huja kumpa pole na kumshukuru Mungu kwamba shida imekwisha. Ukweli si huo. Kazi ya mabingwa wa upasuaji imekwisha, lakini kazi ya kumlinda ndiyo kwanza yaanza, na mahali pake ni hapo hapo chini ya Mlima Meru.

Sababu yake ni hii. Mwili huiona figo ya mtu mwingine kuwa ni mgeni, na hutaka kuifukuza. Ili isifukuzwe, mgonjwa hunywa kila siku dawa za kupunguza kinga ya mwili. Dawa hizo zamhifadhi mgeni, lakini pia zamlegeza mlinzi wa mlango.

Dunia ililiona jambo hili zamani. Tarehe 3 Desemba, 1967, mjini Cape Town, Dakta Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Siku 18 baadaye mgonjwa alifariki. Kilichomuua ni homa ya mapafu.

Hapa nchini, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Hatua hiyo ni ya kujivunia. Hata hivyo, kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na maradhi hayangoji basi la asubuhi.

Hatari kubwa ni kwamba dalili hujificha. Kinga iliyolegea haipigi kelele. Nimonia yaweza kumwingia mgonjwa ilhali homa ni ndogo na kikohozi ni chepesi. Katika mwezi wa kwanza yafaa kuchunga kidonda, mkojo na mapafu. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita huweza kuamka virusi vilivyolala mwilini, na hata kifua kikuu.

Kwa hiyo kipimajoto kikae karibu na kitanda. Joto likifika nyuzi 38, mkojo ukiuma, au kidonda kikitoa usaha, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo. Asiseme kwamba ni malaria tu, akanunua vidonge dukani. Dawa nyingine, kama erithromaisini, huvuruga kiwango cha dawa za kinga katika damu na kuidhuru figo.

Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wanalielewa jambo hili pengine kuliko wengine. Aliye ng'ambo ya bahari hawezi kumfikia bingwa wake kila anapohisi baridi. Tatizo la Meru ndilo la visiwani: bingwa yu mbali, homa i karibu.

Twawaomba wakuu wa afya mambo matatu. Kila hospitali ya mkoa iwe na orodha ya wagonjwa hawa na namba ya simu ya bingwa wao. Maabara iweze kuotesha vijidudu vya damu na mkojo. Na mganga wa zamu afundishwe kwamba kwa mgonjwa huyu homa ndogo ni jambo la dharura. Taifa limegharamia figo hiyo, na ndugu ameitoa mwilini mwake. Isipotee kwa kukosa kupimwa mapema.