Njia mbili za kuwa ofisa huko Marekani

Wazazi wengi hudhani kwamba ofisa ni askari aliyetumika siku nyingi hata akaonekana na wakubwa. Huko Marekani watu wa namna hiyo wapo, lakini ni wachache. Kwa kawaida ofisa hutoka katika chuo kikuu.

Njia ijulikanayo zaidi ni chuo cha kijeshi cha West Point, kilichofunguliwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson. Mwanafunzi hukaa humo miaka 4, halipi karo, tena hupewa mshahara mdogo. Lakini kuingia si rahisi: yampasa apendekezwe, mara nyingi na mbunge wa kwao, kisha apimwe akili na mwili.

Njia ya pili twaiona kuwa yamfaa zaidi mtoto wa watu wa kawaida. Sheria ya mwaka 1916 iliweka katika vyuo vikuu vya raia mafunzo ya maofisa yaitwayo ROTC. Kijana husoma elimu aipendayo, na saa kadha wa kadha za juma hujifunza kuongoza watu, kusoma ramani na kupanga kazi ya kikosi. Ndivyo alivyopita Colin Powell, mtoto wa wahamiaji waliotoka Jamaika. Katika City College ya New York alisoma jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi, wala hakung'aa darasani; katika kikosi ndiko alikojiona yu nyumbani. Mwaka 1958 alipata cheo cha kwanza cha ofisa. Mwaka 1989 akawa mwenyekiti wa baraza la wakuu wa majeshi ya Marekani, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho.

Wapenzi wasomaji, tutazame sasa deni, maana hilo husahauliwa upesi mbele ya nguo nzuri za jeshi. Mhitimu wa West Point hudaiwa utumishi wa miaka 8, na 5 kati yake ni ya kazi ya jeshi kila siku. Akiondoka katika miaka 2 ya mwanzo hadaiwi kitu. Akiisha kuanza masomo ya mwaka wa tatu, amejifunga. Aliyelipiwa karo na ROTC kwa miaka yote 4 hujifunga mapema zaidi, aanzapo mwaka wa pili. Huyo bado ni kijana wa miaka 19 hivi, na anayetia sahihi ni yeye mwenyewe, si baba yake.