Jiwe laini halisagi: Hesabu ya leza kwa fundi mawe wa Ufipa

Anayesaga ulezi kwa jiwe anajua kwamba jiwe likilainika halisagi tena. Huligongagonga upya kwa jiwe gumu hadi likwaruze.

Mawe ya ngazi na sakafu nayo ni hivyo hivyo. Jiwe lililong'arishwa hupendeza, lakini likilowa huteleza, na mteja akianguka dukani hasara ni ya mwenye duka.

Viwanda vikubwa hukwaruza uso wa graniti kwa nyundo ya meno, moto wa gesi au mwali wa leza. Leza hupasha joto uso tu. Chembe za kwatzi zilizomo zikifika nyuzi joto 573 za Selsiasi hubadilika umbo, hutanuka na kubanduka, na uso hubaki na mikwaruzo. Marumaru halisi hutokana na jiwe la chokaa, hivyo haifanyi kazi kwa njia hiyo.

Je, fundi wa Sumbawanga anunue leza? Apige hesabu kwanza. Mashine hiyo inahitaji umeme usioyumba, vipuri kutoka mbali na oda za kutosha kurudisha mtaji. Mwenye oda ya ngazi mbili kwa mwezi, nyundo ya meno inamtosha.

Hata hivyo, nyundo nayo ina gharama yake. Vumbi la kwatzi huharibu mapafu, na ugonjwa huo hauna tiba. Kwa hiyo fundi alowanishe jiwe kabla ya kugonga, afunike pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi, na gharama hiyo aiweke kwenye bei.