Mungwana ni nani? Safari ya neno moja



Kuna neno ambalo sisi wa Kasongo na Kabambare tumelisikia tangu utoto: mungwana. Wakristo wengi wakilisema, wanamaanisha Mwislamu. Wazee wengine wakilisema, wanamaanisha mtu asiye wa uzao wa watumwa. Hivi karibuni tuliketi na jamaa mbili juu ya ndoa ya vijana wa kanisa. Mambo yalikuwa yamekwisha kupatana, mpaka mjomba mmoja aliposema: «Sisi ni wangwana. Hatutoi binti yetu kwa watu walionunuliwa.» Baraza zima likanyamaza. Siku hiyo tuliahidi kulifuata neno hili mpaka kule lilikotoka.

Pwani maana yake ilikuwa wazi: mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Ndivyo inavyoeleza kamusi ya mmisionari A. C. Madan ya mwaka 1903. Lakini tukirudi nyuma kidogo tunaona jambo la ajabu. Mwaka 1874 Stanley alianza safari iliyolipiwa na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani. Katika maandishi yake anawaita wapagazi wake wa Zanzibar «Wangwana», naye anaeleza kwamba ni watu walioachwa huru. Maana yake, tayari wakati ule neno hili lilibeba watu waliokuwa watumwa jana.

Mwezi wa Oktoba 1876 Stanley alikutana na Tippu Tip huku kwetu Maniema. Majeshi ya matajiri wa pembe na watumwa hayakujaa Waarabu. Wengi walikuwa wana wa nchi hii. Watoto walikamatwa vijijini, wakalelewa kambini, wakapewa nguo, bunduki na jina jipya. Walipokua waliitwa wangwana, nao wakatumwa kukamata wengine. Basi mzee anayejivuna leo kwamba babu yake alikuwa mungwana, huenda babu huyo alilia njiani akiwa amefungwa kamba.

Kisha vita ya 1892 hadi 1894 ikaja. Kasongo ilitekwa na askari wa Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare mwanzoni mwa 1894. Magazeti ya Brussels, kama Le Mouvement géographique lililoanzishwa 1884, yaliandika juu ya vita na «Waarabu», ijapokuwa waliokufa pande zote mbili wengi wao walikuwa Waafrika. Baadaye wakoloni wakatumia neno «arabisés». Hivyo watu wa ukoo mmoja wakapewa majina mawili, na ukuta ukasimama katikati ya nyumba. Ukuta ule bado tunauegemea.

Tusisahau kwamba hata lugha tunayohubiria ilichukua jina lake kwao. Mwaka 1928 mmisionari wa Kiprotestanti John Whitehead, aliyekaa Wayika kwenye mto Lualaba, alitoa kitabu cha kufundisha lugha hii, akakiita Manuel de Kingwana. Anayewadharau wangwana anawadharau kwa ulimi waliomwachia.

Huko pwani neno halikusimama. Utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, swali la nani alizaliwa huru lilianza kupoteza nguvu. Leo ukisoma gazeti la Dar es Salaam, muungwana ni mtu mwenye adabu, na mchezo wa kiungwana ni mchezo usio na udanganyifu. Methali inasema: muungwana ni kitendo. Neno limetoka katika damu, likahamia katika mwenendo.

Biblia ya Kiswahili ya Union nayo inatusaidia. Katika Matendo 17:11 inawaita watu wa Beroya waungwana. Kwa nini? Hakuna linalosemwa juu ya babu zao. Walisikiliza neno kwa moyo mwema, kisha wakachunguza kila siku kama ni kweli.

Tulirudi kwa zile jamaa mbili tukawasimulia haya yote. Mwishoni tulifungua 1 Wakorinto 7:23, pale mtume Paulo anapowakumbusha waamini kwamba wamenunuliwa kwa bei. Tukamwuliza mjomba: «Mzee wetu, katika kanisa hili ni nani asiyenunuliwa?» Aliinama muda mrefu. Hakukubali siku ile; aliomba apewe muda wa kusema na ndugu zake. Tunangoja, tukiomba.

Nanyi wapendwa, mkisikia neno hili kisimani, sokoni au kwenye matanga, ulizeni kwa upole: mungwana wa damu, au mungwana wa matendo? Bwana awabariki.