Kipimo cha Vinasaba vya Saratani: Yapasayo Kuulizwa Kabla ya Kulipa

Kwa muda mrefu saratani ilitajwa kwa jina la kiungo ilikoanzia: saratani ya titi, ya koo, ya damu. Siku hizi jina hilo peke yake halitoshi. Wanawake wawili wa Mpanda wanaweza kuwa na uvimbe wa titi wa ukubwa mmoja na umri unaokaribiana, na hata hivyo dawa imfaayo mmoja isimsaidie mwenziwe hata kidogo. Tofauti yao imo ndani ya seli za uvimbe, nayo haionekani kwa macho wala haijulikani kwa kupapasa. Hutafutwa maabara, kwa vipimo vinavyochunguza protini na vinasaba vya uvimbe huo. Makala haya yanaeleza vipimo hivyo ni vya namna gani, na ni maswali gani familia ya Katavi iyaulize kabla ya kuuza mpunga au ng'ombe ili kuvilipia.

Kila seli ya mwili hubeba maelekezo ya kazi yake, nayo maelekezo hayo huitwa jeni. Saratani huanza pale jeni zinazotawala ukuaji zinapoharibika, seli ikaendelea kugawanyika bila kizuizi. Mara nyingi uharibifu huo hutokea katika maisha ya mtu mwenyewe, wala hakuurithi kwa wazazi wake. Kwa hiyo kipimo cha vinasaba vya uvimbe si sawa na kile cha kutambua uzazi wa mtoto, na hitilafu iliyoonekana katika uvimbe wa mama si hukumu juu ya binti zake. Zipo hitilafu chache zinazorithiwa, kama zile za jeni za BRCA1 na BRCA2 zinazoongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari, lakini hizo zina kipimo chao na ushauri wake.

Elimu hii haikuzaliwa yote ughaibuni. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya alioukuta kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo unapatikana. Waliukuta kwenye maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa ndani ya seli zake, na baadaye ikabainika kuwa katika seli hizo kromosomu ya 8 hubadilishana kipande na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, hata jeni iitwayo MYC ikawaka pasipo kuzimika. Leo badiliko hilo ni mojawapo ya alama zinazoutambulisha ugonjwa huo popote duniani. Kwa mzazi, hata hivyo, jambo la kwanza ni wakati: uvimbe huu hukua kwa siku chache, nao huitikia vizuri tibakemia. Mtoto ambaye taya lake limevimba na meno yanalegea asing'olewe jino na kurudishwa nyumbani; apelekwe hospitali mara moja.

Mfano ulio wazi zaidi wa faida ya vipimo hivi ni aina moja ya saratani ya damu, lukemia sugu ya mieloidi, ifahamikayo kwa kifupi CML. Katika ugonjwa huu kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, na kutokana na mabadilishano hayo huzaliwa jeni isiyo ya kawaida, BCR-ABL. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huifunga protini ya jeni hiyo. Ni vidonge vya kumeza nyumbani, na vimewawezesha watu wengi kuishi miaka mingi na ugonjwa ambao hapo awali uliwaua. Hapa nchini wagonjwa wamekuwa wakiipata bila malipo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kupitia mpango wa msaada wa The Max Foundation na kampuni ya Novartis. Lakini vidonge hivyo havitolewi kwa kukisia: sharti kipimo kithibitishe ugonjwa. Mashine ya GeneXpert, ile ile iliyozoeleka kupima kifua kikuu, ina kasha lake maalumu la kupima BCR-ABL kwa damu tu.

Kwa saratani ya titi vipimo vya msingi ni vitatu: kipokezi cha homoni ya estrojeni, kipokezi cha projesteroni, na protini ya HER2. Uvimbe wenye vipokezi vya homoni hutibiwa kwa dawa kama tamoksifeni, ambayo ni vidonge vya bei nafuu ukilinganisha na dawa nyingi za saratani. Uvimbe usio navyo haunufaiki na tamoksifeni. Wenye HER2 nyingi huweza kutibiwa kwa trastuzumabu, dawa ya sindano iliyo ghali. Mgonjwa aliyeanzishiwa vidonge vya homoni ana haki ya kuuliza kama vipokezi vyake vilipimwa.

Hapa ndipo umbali wa Katavi unapokuwa sehemu ya tiba. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja, na kinyama kilichokatwa huanza kuharibika mara kinapotoka mwilini. Utaratibu wa kimataifa wa vipimo vya titi hutaka kinyama kitiwe katika fomalini ndani ya saa moja, ujazo wa dawa uwe takriban mara kumi ya kinyama, na kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72. Ndugu wa mgonjwa, ambaye mara nyingi ndiye anayekabidhiwa chupa aipande nayo basi, aulize mambo haya bila kuona haya: ndani ya chupa mna fomalini? Jina la mgonjwa na saa ya kukatwa vimeandikwa? Maabara inayopokea inajua kwamba kinakuja? Kisihamishiwe kwenye maji, spiriti wala barafu. Kinyama kilichooza hutoa majibu ya uongo, na majibu ya uongo hugharimu kuliko nauli ya kurudia.

Maabara hukigeuza kinyama kuwa kipande kidogo kilichogandishwa katika nta, nacho hudumu kwa miaka. Jambo hili halisemwi sana, nasi tunalitilia mkazo: kipimo kingine kikihitajika baadaye, mara nyingi hukatwa utepe mwembamba kutoka nta hiyo hiyo, bila mgonjwa kupasuliwa upya. Anayehamishiwa hospitali nyingine aombe nakala ya majibu ya patholojia, na aulize nta yake imehifadhiwa wapi na kwa namba gani.

Si kila mgonjwa anahitaji vipimo hivi. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji, mionzi na tibakemia bila kusubiri orodha ndefu ya jeni. Swali linalomlinda mlaji ni hili: majibu yakija hivi au vile, tiba yangu itabadilika? Na kama itabadilika, dawa hiyo inapatikana nchini, na ni nani atakayeilipia? Pasipo jibu, hakuna sababu ya kuharakisha malipo. Kwa saratani hiyo kinasaba chenye maana zaidi ni cha kirusi cha HPV, ambacho aina zake za 16 na 18 husababisha takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Chanjo yake hutolewa bure, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Mwisho, wapo wanaopita na mashine za "kipimo cha mwili mzima", mteja akashika kifaa mkononi na kuambiwa ana saratani au vinasaba vyake vimeharibika, kisha akauziwa virutubisho hapo hapo. Kifaa kisichochukua damu, kinyama wala sampuli yoyote ya mwili hakiwezi kusoma jeni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 inataka ridhaa ya mtu kabla ya sampuli yake kuchukuliwa kwa kipimo cha vinasaba. Aliyetozwa fedha kwa njia hiyo atunze risiti, kikaratasi cha majibu na kopo la dawa aliyouziwa, kisha awasilishe malalamiko Tume ya Ushindani. Na kama ni dawa inayotiliwa shaka, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.