Mpaka wa Milima ya Condor

Kusini-mashariki mwa Ekuador, mahali ambapo milima ya Andes inateremka kuelekea misitu ya Amazon, lipo jimbo la Zamora Chinchipe, lililoundwa mwaka 1953. Mashariki yake imesimama Safu ya Condor, na ng'ambo ya safu hiyo ni Peru. Milima hii si mirefu ikilinganishwa na vilele vya theluji vya Andes, lakini ni migumu kuliko hivyo kwa mtu apitaye kwa miguu: miteremko ni mikali, msitu umefungamana, mvua haina msimu, na ukungu huyafunika mabonde. Askari aliyepata kufanya doria katika nchi ya namna hiyo ataelewa upesi kwa nini ramani ilishindwa kuumaliza ugomvi wake.

Wenyeji wa asili ni Washuar, wawindaji na wakulima wa mihogo, ambao Wahispania hawakufaulu kuwatawala. Upande wa Peru wanaishi jamaa zao, Wawampis na Waawajun, wenye lugha za ukoo mmoja na yao. Wasaraguro nao walishuka kutoka nyanda za Loja wakitafuta malisho ya ng'ombe. Hata hivyo wakazi walio wengi ni machotara wasemao Kihispania.

Baada ya vita vya mwaka 1941, Mkataba wa Rio de Janeiro wa Januari 1942 uliagiza kwamba mpaka ufuate mgongo wa milima unaogawa maji ya mto Zamora na ya mto Santiago. Waliouandika walidhani kwamba mgongo huo ni mmoja tu. Mwaka 1947 picha zilizopigwa na ndege za Marekani zilidhihirisha kuwa mto Cenepa, unaopita katikati ya mito hiyo miwili, ni mrefu kuliko ilivyodhaniwa. Kilomita zipatazo 78 zikabaki bila alama. Peru ilishikilia kwamba mpaka ni Safu ya Condor. Ekuador ilikataa, na mwaka 1960 ikautangaza mkataba wote kuwa batili.

Hivyo kosa la wapima ramani likalipwa kwa damu ya askari. Mwaka 1981 majeshi yalipigania vituo vidogo vya ulinzi kwenye miteremko ya mashariki. Mwezi Januari 1995 vita vikubwa zaidi vilizuka kwenye chimbuko la Cenepa, na Washuar wa Ekuador wakawa miongoni mwa askari waliotegemewa sana msituni. Mapigano yaliposimamishwa, waangalizi wa kijeshi kutoka Argentina, Brazil, Chile na Marekani, nchi zilizodhamini mkataba wa 1942, walisimamia kutenganishwa kwa majeshi.

Amani ilitiwa saini mjini Brasilia tarehe 26 Oktoba 1998. Peru ilipata mpaka iliodai, nayo ikaipa Ekuador kilomita moja ya mraba huko Tiwinza, mahali walipoangukia askari wa Ekuador, iwe mali yake bila mamlaka ya kitaifa. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa ulihifadhi heshima ya jeshi bila kuuhamisha mpaka.

Mabomu yaliyotegwa ardhini yaliendelea kutafutwa na kuteguliwa miaka mingi baadaye. Na tangu mwaka 2019 migodi mikubwa ya shaba na dhahabu imefanya kazi jimboni, huku baadhi ya Washuar wakiipinga kwa ajili ya ardhi yao.