Hesabu ya Damu, Kutoka Pwani Hadi Mlima Kenya

Usiku wangu wa kwanza mjini Embu niliulizia chandarua, na mwenyeji wangu, mzee wa Kiislamu mzaliwa wa Meru, akacheka. "Huku juu baridi huwashinda mbu, mwanangu," alisema.

Mazungumzo yakatufikisha kwa mtoto wa dada yangu, aliyefariki kwa selimundu. Nyumbani Mombasa wako walionong'ona kuwa ni damu mbaya ya mama. Mzee akauliza: "Mbona maradhi hayo twayasikia zaidi kwenu kuliko huku?"

Swali hilo lina historia. Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, aliyelelewa Gilgil, alifika na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya. Alipopima damu za watu wa Kenya, aliona kuwa pwani na kando ya Ziwa Viktoria waliobeba kasoro ya selimundu walipita 20 katika kila 100. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja.

Nikamwonyesha mzee hesabu kwenye karatasi. Kila mtoto hurithi mafungu mawili ya damu, moja la baba na moja la mama. Kasoro yenyewe ni herufi moja tu iliyokosewa katika maagizo ya mwili. Tuseme fungu moja katika kila 10 lina kasoro. Katika watoto 100, 81 hawana kasoro kabisa. 18 wameirithi upande mmoja, nao ni wazima. Mmoja ameirithi pande zote mbili, naye ndiye mgonjwa. Zamani huyo alifariki mapema. Kama mambo yangeishia hapo, baada ya vizazi 10 kasoro ingebaki nusu.

Lakini pwani kuna malaria. Wale 18 huugua homa, ila haiwazidi nguvu. Inayowaua zaidi ni wale 81. Tuseme wamekufa 9. Wamebaki 72 na 18, jumla 90, wenye mafungu 180. Yenye kasoro ni 18. Moja katika 10, vilevile kama tulivyoanza! Mlimani, ambako malaria haikuwa na nguvu, kasoro haikuwa na faida ya kuibakisha. Allison alitangaza ushahidi wake mwaka 1954.

Mzee alinyamaza, kisha akasema: "Kumbe yule mmoja amewalipia wenzake."

Leo yako matunzo, na wagonjwa wengi hufikia utu uzima. Hata hivyo, ndugu msomaji, wachumba wapime damu kabla ya harusi. Wote wawili wakiwa wamebeba kasoro, kila uzazi una bahati moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Na fungu moja lazima litoke kwa baba.

Karatasi ile nimeikunja. Nitampelekea dada yangu.